Nyumba Njema si Mlango



Huenda unamfahamu mwanamume wa namna hii hapa kwetu Endebess. Mahindi yake yakishauzwa Kitale, yeye huwa wa kwanza kutoa mchango wa arusi ya mtoto wa jirani. Kwenye matanga huombwa aseme maneno mawili matatu, naye huyasema kwa busara. Sokoni wanawake humwambia mkewe kwamba amebahatika. Mke hutabasamu, hushukuru, hushika njia kwenda zake. Lakini jioni, akiwa jikoni, hutega sikio lango linapofunguliwa. Kwa mlio wa lango hujua kama mumewe amerudi salama au amerudi amelewa. Watoto nao hujua.

Ikiwa wewe ndiwe mke huyo, ukurasa huu ni wako. Ikiwa wewe ndiwe mume huyo, ni wako zaidi. Leo nakusimulia maisha ya mwanamume aliyesifiwa na dunia nzima, huku nyumba yake ikibomoka kimya kimya. Aliitwa William Holden, mchezaji sinema wa Marekani. Hakuwa mgeni kwetu Kenya, maana Nanyuki palikuwa kama nyumbani kwake kwa zaidi ya miaka 20. Simsimulii ili tumhukumu marehemu. Nakusimulia kwa sababu yaliyompata yeye hutokea pia katika nyumba za mabati na za udongo.

Kijana wa dhahabu

Alizaliwa tarehe 17 Aprili 1918 katika mji wa O'Fallon, jimbo la Illinois. Jina lake halisi lilikuwa William Franklin Beedle. Baba yake alikuwa mtaalamu wa kemia, mama yake mwalimu wa shule. Angali mtoto mdogo, familia ilihamia California, karibu na Hollywood, mahali sinema za Marekani zinapotengenezwa.

Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 21, alipewa nafasi kubwa katika sinema iliyoitwa Golden Boy, yaani kijana wa dhahabu. Alikuwa mgeni wa kazi, akababaika, na wakubwa wakataka kumwondoa. Aliyemwokoa ni mwigizaji mwenzake, Barbara Stanwyck, ambaye alimtetea na kumfundisha mpaka sinema ikakamilika. Holden hakuusahau wema huo. Alimpelekea maua mwaka baada ya mwaka, na mwaka 1978 alimshukuru mbele ya umati katika sherehe ya kutoa tuzo za Oscar.

Kwa hiyo usimfikirie kuwa mtu mbaya. Alikuwa na moyo wa shukrani. Aliyemsaidia alimkumbuka kwa karibu miaka 40. Alijua kushukuru mbele ya watu, ila kukiri mbele ya watu kwamba anaumwa kulimshinda.

Waliofanya kazi naye walieleza kwamba alikuwa mwenye haya na wasiwasi, na kwamba alizoea kunywa kidogo ili apate ujasiri wa kusimama mbele ya kamera. Mambo kama hayo huanza kwa kidogo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliingia jeshi la anga, akabaki Marekani akisaidia kutengeneza sinema za mafunzo. Mdogo wake, aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, aliuawa vitani mnamo Januari 1944.

Baada ya vita nyota yake iling'aa. Sunset Boulevard ilitoka mwaka 1950. Stalag 17 ya mwaka 1953 ilimpa tuzo ya Oscar. Mwaka 1957 ikaja The Bridge on the River Kwai, sinema ya wafungwa wa vita huko Asia. Mkataba wake ulimpa asilimia 10 ya mapato, akilipwa dola 50,000 kila mwaka. Machoni pa watu alikuwa mfano wa mume: mtanashati, mchapa kazi, mpole wa maneno, mwenye mke na watoto.

Arusi ya watu wanne

Mkewe alikuwa mwigizaji pia. Katika sinema alijulikana kama Brenda Marshall, lakini wa nyumbani walimwita Ardis. Walifunga ndoa mwezi wa Julai 1941. Ardis alikuja na binti wa ndoa yake ya kwanza, na Holden akamlea kama wake. Kisha wakapata wana wawili wa kiume. Ardis aliiacha kazi ya sinema akashughulikia nyumba.

Sasa tazama jambo hili. Tarehe 4 Machi 1952 rafiki yao mmoja alifunga ndoa katika kanisa dogo huko Los Angeles. Rafiki huyo alikuwa Ronald Reagan, ambaye baadaye alikuwa Rais wa Marekani, na bibi arusi alikuwa Nancy Davis. Hawakutaka makuu. Walioalikwa walikuwa wawili tu: Holden, msimamizi wa bwana arusi, na Ardis, msimamizi wa bibi arusi.

Nancy mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba siku hiyo Bwana na Bibi Holden walikuwa wamegombana na hawakuwa wakisemezana. Ndani ya kanisa lile tupu, mmoja alikaa upande huu na mwingine upande ule. Baada ya ibada wote wanne walikwenda nyumbani kwa akina Holden, ambako Ardis alikuwa ameandaa keki na kumwita mpiga picha. Picha zipo mpaka leo. Zitazame, nawe utaona nyuso nne zenye furaha.

Wahenga walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mwenye kuitazama picha ile angeapa kwamba ile ni nyumba ya amani. Je, ni mara ngapi wewe na mwenzi wako mmesimamia arusi ya vijana, mkawashauri wasilale na hasira, ilhali ninyi hamjasemezana tangu Jumatatu?

Mbali na nyumbani

Miaka ilivyozidi, Holden alizidi kukaa mbali. Kazi ilimpeleka Ulaya na Asia. Alikuwa na uhusiano na wanawake wengine, miongoni mwao Audrey Hepburn, aliyeigiza naye katika sinema ya Sabrina. Mwaka 1959 aliihamishia familia Uswisi, lakini yeye mwenyewe hakutulia huko.

Mwaka huo huo wa 1959, yeye na washirika wake wawili walinunua hoteli iliyokuwa Nanyuki, chini ya Mlima Kenya, wakaanzisha Mount Kenya Safari Club. Ni mahali ambapo mstari wa ikweta unapita. Baadaye, yeye na wenzake walianzisha karibu na hapo shamba la kufuga na kuhifadhi wanyama wa porini. Shamba hilo lilikuja kujulikana sana kwa kazi ya kuzalisha bongo wa milimani, mnyama ambaye karibu aishe kabisa katika misitu yetu.

Sisi tunaopakana na mbuga ya Mlima Elgon tunaijua thamani ya kazi hiyo. Tumewaona ndovu wakipungua kwa sababu ya majangili. Mtu aliyetoka mbali akatumia mali yake kuwatunza wanyama wetu, tumshukuru. Hata hivyo, kazi njema ya nje hailipi deni la nyumbani. Mume anaweza kujenga darasa la shule, akachimba kisima cha kijiji, na mke wake akabaki kama mjane mwenye mume. Mke naye anaweza kuwa mwenyekiti wa vikundi vitatu, na mumewe asikumbuke ni lini walikula pamoja. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kilio kitamfichua, na wapo wanaoficha maradhi yao nyuma ya kazi njema.

Barabara ya Italia

Maradhi yake Holden yalifichuka mwezi wa Julai 1966. Akiendesha gari lake aina ya Ferrari katika barabara kuu huko Italia, hali amelewa, aligonga gari dogo. Mwenye gari lile alikufa. Mahakama ilimpata na hatia ya kuua bila kukusudia, ikampa kifungo cha miezi minane ambacho hakukitumikia, kwa kuwa kiliahirishwa. Hakuingia gerezani, lakini rafiki zake walishuhudia kwamba jambo hilo halikumtoka moyoni.

Ungefikiri hapo angeacha kabisa. Alijaribu. Alikuwa na vipindi vya kutokunywa, kisha akarudia. Mwaka 1971 yeye na Ardis walipeana talaka, miaka 30 baada ya siku ile ya Julai. Katika miaka ya 1970 alikuwa na uhusiano wa karibu na mwigizaji Stefanie Powers, aliyewapenda wanyama kama yeye na aliyejitahidi kumsaidia kuacha pombe. Sinema nazo ziliendelea. Network ya mwaka 1976 ilimrudishia sifa. Watu walimpigia makofi, naye akaendelea kunywa.

Siku nne

Mwezi wa Novemba 1981 Holden alikuwa peke yake katika nyumba yake kwenye ghorofa huko Santa Monica, California. Alikuwa amekunywa sana. Aliteleza juu ya zulia, akajigonga kichwa kwenye kona ya meza ya kando ya kitanda. Wachunguzi walikuta karatasi laini zilizoloa damu, ishara ya kwamba hakuzimia papo hapo bali alijaribu kujifuta. Simu ilikuwamo chumbani. Hakumpigia mtu. Huenda kwa ulevi hakujua ameumia kiasi gani.

Inakadiriwa alikufa tarehe 12. Mwili wake ulikutwa tarehe 16, wakati msimamizi wa jumba alipofungua mlango. Siku nne, mtu anayetambulika katika kila mji wenye jumba la sinema, na hakuna aliyejua kwamba hayupo. Alikuwa na miaka 63. Kwa mapenzi yake hapakuwa na ibada ya mazishi, na majivu yake yalitawanywa baharini. Mwaka uliofuata Stefanie Powers alianzisha mfuko wa kuhifadhi wanyama kwa jina lake, na huko Nanyuki kikajengwa kituo cha elimu ambacho kimefundisha watoto wengi wa shule za Kenya.

Tujifunze nini?

Kwanza, sifa si dawa. Mara nyingi sifa ndizo humzuia mtu kutibiwa. Mke akisema, haaminiwi, kwa sababu kila mtu anamwona mumewe ni mwema. Kwa hiyo naye hujifunza kuficha. Husema bwana ana malaria, kumbe amelala kwa ulevi. Dada mpendwa, unapomfunika hivyo hulindi ndoa yako, unaulinda ugonjwa. Na ujue hili: wewe si chanzo cha ulevi wake, hata akikuambia hivyo mara 100.

Pili, chagua saa ya kusema. Usigombane na mtu aliyelewa, maana asiyesikia ni pombe. Ngoja asubuhi, watoto wakishaenda shule. Sema ulichokiona, bila matusi na bila kuleta ya miaka iliyopita. Ikiwa kuna kipigo, usingoje asubuhi. Jitoe wewe na watoto kwanza, mazungumzo yatafuata.

Tatu, ulevi uliokomaa ni ugonjwa. Aliyezoea kunywa kila siku asiache ghafla akiwa peke yake. Anaweza kutetemeka, akachanganyikiwa, hata akapatwa na kifafa. Aende hospitali aongozwe na daktari. Kisha atahitaji watu: wasimamizi wenu wa ndoa, padre, mzee mnayemheshimu, au wenzake walioacha pombe. Akirudia, msikate tamaa. Kuanguka tena hutokea kwa wengi kabla ya kupona.

Nne, kwako ndugu yangu mwanamume. Kuomba msaada si aibu. Holden alikuwa na fedha za kumlipa daktari yeyote duniani, na simu ilikuwamo chumbani. Wewe huenda huna fedha hizo. Lakini ukianguka usiku huu, yupo atakayesikia kishindo na kuja mbio. Mtu huyo ndiye anayetega sikio lango linapofunguliwa. Mwambie ukweli leo, wakati bado anasikiliza.

Maswali ya kujadiliana, mume na mke

1. Watu wa nje wanasema nini juu ya nyumba yetu? Ni lipi kati ya hayo ambalo si kweli?

2. Kuna jambo gani ambalo mmoja wetu hulificha ili kulinda jina la mwenzake?

3. Tukizidiwa, ni nani tutakayemwendea sisi wawili kwa pamoja? Mtajeni kwa jina kabla hamjalala.