Maisha ya Bwana Muyaka bin Haji wa Mvita

Bwana Muyaka bin Haji al-Ghassani, Mwenyiezi Mungu amrehemu, alizaliwa Mvita mwaka 1776 na akafa 1840. Alikuwa mshairi mashuhuri wa mji huo katika zama za Mazrui. Tungo nyingi zilizohifadhiwa kabla yake ni tenzi na kasida za dini. Yeye alilileta shairi barazani na sokoni, akalitia khabari za siku zake.

Fahamu kwamba wakati ule shairi halikuwa mchezo wa maneno. Mvita na Lamu zilipelekeana mashairi kama watu wapelekeanavyo nyaraka: Bwana Zahidi Mngumi akinena kwa upande wa Lamu, na Muyaka kwa upande wa Mvita. Wala hawakunena wazi, bali kwa mafumbo. Aliyewajua wenyewe na mambo yao alifahamu. Asiyewajua alisikia utamu tu. Kisha vikaja vita vya Shela, mnamo 1812 au karibu yake, Mvita na Pate zikashindwa, na Lamu ikataka himaya ya Sayyid Said bin Sultani. Mwenye kusoma beti za siku zile pasi na kuijua khabari hii hawezi kupambanua lililo kitisho kwa adui na lililo kuwatia moyo watu wa mji walioshindwa.

Mwaka 1837 Sayyid Said aliitwaa Mvita, na wakubwa wa Mazrui wakakamatwa wakapelekwa Bandar Abbas. Muyaka aliishi miaka mitatu baada ya kuondoka dola aliyoitumikia kwa ulimi wake.

Alipokufa, beti zake zilibaki vifuani mwa watu. Na hapo pana khatari: shairi huhifadhika kwa vina vyake, lakini sababu yake haina vina, nayo ndiyo husahauliwa kwanza. Aliyeiwahi ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyekufa 1890. Alizikusanya beti hizo pamoja na mmishonari Mwingereza, W. E. Taylor, akamweleza maneno yake na mambo yaliyozileta. Taylor hakuwa wa dini yetu, lakini kwa kuyaandika maelezo yale anastahili shukrani. Diwani ikapigwa chapa Johannesburg mwaka 1940 kwa mkono wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed H. Abdulaziz akatoa Nairobi kitabu kilichoyaeleza mashairi ya Muyaka pamoja na khabari za Mvita na watu wake.