Lewis Carroll: Mtegaji wa Mafumbo ya Usiku

Utangulizi

Jina la Lewis Carroll si geni kwa wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, hasa wanaoshughulikia tafsiri. Mwaka 1940 hadithi yake mashuhuri ilichapishwa London na Sheldon Press kwa jina la Elisi katika Nchi ya Ajabu, mfasiri akiwa E. V. St Lo Conan-Davies. Katika toleo hilo Elisi amechorwa kama msichana wa Kiafrika. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis alitupatia tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Hata hivyo, ni wachache miongoni mwetu wanaofahamu kwamba mtunzi huyo alikuwa mhadhiri wa hisabati kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na kwamba nje ya darasa alitunga mafumbo ya jiometri na ya uwezekano akiwa kitandani, gizani, bila kalamu wala karatasi. Makala haya yanasimulia maisha yake kwa kuzingatia mafumbo hayo. Nimeyachagua kwa sababu mojawapo lilinitia aibu nilipokuwa nikifundisha Embu, na aibu hiyo imenifunza jambo kuhusu hisabati na kuhusu vitendawili vyetu pia.

Kuzaliwa na masomo

Jina lake halisi lilikuwa Charles Lutwidge Dodgson. Alizaliwa tarehe 27 Januari 1832 katika kijiji cha Daresbury, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, ambako baba yake alikuwa kasisi. Alikuwa mtoto wa tatu na mwana wa kwanza wa kiume katika familia ya watoto kumi na mmoja. Mwaka 1843 familia ilihamia Croft, na huko Charles akawa mburudishaji wa ndugu zake: aliwatungia michezo, mashairi na magazeti ya nyumbani yaliyoandikwa kwa mkono. Alikuwa na kigugumizi ambacho hakikumwacha maisha yake yote.

Baada ya kusoma katika shule ya Rugby alijiunga na chuo cha Christ Church, Oxford, Januari 1851. Alikuwa amekaa huko siku mbili tu alipopata habari ya kifo cha mama yake. Msiba huo haukumzuia kufuzu; mwaka 1854 alipata daraja la kwanza katika hisabati, na mwaka uliofuata akateuliwa mhadhiri. Aliishi Christ Church mpaka mwisho wa uhai wake. Mwaka 1861 alitawazwa kuwa shemasi, lakini hakuendelea hadi ukasisi, na hakuoa.

Lakabu na hadithi

Lakabu ya Lewis Carroll ilianza kutumika mwaka 1856, nayo yenyewe ni fumbo la lugha. Aliyageuza majina yake mawili, Charles Lutwidge, kuwa ya Kilatini, akayapindua mpangilio, kisha akayarudisha katika Kiingereza yakiwa na sura mpya. Tarehe 4 Julai 1862, katika safari ya mashua mtoni, aliwasimulia mabinti watatu wa mkuu wa chuo hadithi ya msichana aliyetumbukia katika shimo la sungura. Mmoja wao, Alice Liddell, alimsihi aiandike. Kitabu kilitoka mwaka 1865 kikiwa na michoro ya John Tenniel. Urafiki wake na watoto, pamoja na picha alizowapiga, umezua mjadala mkali miongoni mwa watafiti, na kati ya madaftari yake kumi na matatu ya shajara, manne hayajulikani yaliko.

Aliupenda pia mchezo wa maneno aliouanzisha katika gazeti mnamo 1879, ambapo neno hugeuzwa kuwa jingine kwa kubadilisha herufi moja moja, na kila hatua sharti iwe neno halali. Kiswahili kinauweza mchezo huo vizuri: kaka huwa daka, na daka huwa dada. Msomaji anaweza kujaribu jozi nyingine.

Mafumbo ya mtoni

Mwaka 1893 Dodgson alichapisha kitabu cha mafumbo sabini na mawili ambacho jina lake linahusu mto wa kulalia. Aliyatatua mengi kichwani, usiku, na aghalabu aliandika jibu asubuhi kabla ya kuandika hatua za kulifikia. Toleo la kwanza lilitaja usiku usio na usingizi. Katika toleo la pili alibadili maneno hayo ili marafiki wasimdhanie kuwa mgonjwa wa kukosa usingizi. Nia yake ilikuwa kuonyesha kwamba akili iliyopewa kazi ngumu huweza kuyafukuza mawazo yanayomsumbua mtu usiku.

Fumbo la tano ni fupi. Mfuko una kete moja. Hatujui kama ni nyeupe au nyeusi. Tunatia kete nyeupe, tunautikisa mfuko, kisha tunatoa kete moja, nayo inakuwa nyeupe. Je, uwezekano wa kete iliyobaki kuwa nyeupe ni upi? Nilipowauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu mjini Embu, nikitumia haragwe jeupe na njahi badala ya kete, takriban wote walijibu kuwa ni nusu. Jibu sahihi ni thuluthi mbili. Tuchukulie kwamba haragwe la kwanza lilikuwa jeupe au jeusi kwa uwezekano sawa. Kuna njia tatu zilizo sawa za kutoa jeupe: kutoa lile la kwanza likiwa jeupe, kutoa lililotiwa ilhali la kwanza ni jeupe, au kutoa lililotiwa ilhali la kwanza ni jeusi. Katika njia mbili kati ya hizo, linalobaki ni jeupe. Tulirudia jaribio kwa kurusha sarafu ili kuchagua haragwe la kwanza, na kila tulipotoa njahi tukaacha kuhesabu. Darasa liliona nusu ikikataa na thuluthi mbili ikijitokeza.

Nukta tatu na kosa langu

Nikiwa nimepata moyo, juma lililofuata niliandika ubaoni fumbo la hamsini na nane. Nukta tatu zinachaguliwa kwa bahati nasibu kwenye bapa lisilo na mwisho. Je, kuna uwezekano gani kwamba pembetatu inayoundwa itakuwa na pembe butu?

Dodgson aliutazama upande mrefu kuliko yote, tuuite AB. Kwa kuwa AB ndio mrefu zaidi, nukta ya tatu haiwezi kuwa mbali na A kuliko B, wala mbali na B kuliko A. Basi iko ndani ya sehemu inayoshirikiwa na duara mbili, moja yenye kitovu A na nyingine yenye kitovu B, zote zikiwa na nusu kipenyo AB. Pembe huwa butu iwapo nukta hiyo imo ndani ya duara ambalo kipenyo chake ni AB. Ukigawanya eneo la duara hilo kwa eneo la ile sehemu ya pamoja, unapata takriban 0.64.

Niliyachora hayo ubaoni kwa fahari. Ndipo msichana mmoja akauliza itakuwaje tukianza na upande wa kati, yaani ule unaozidiwa na mmoja na kuuzidi mwingine. Nilimjibu kwamba hesabu ni ileile, nikamtaka akae. Usiku huo nilijaribu mwenyewe, nikapata takriban 0.82. Nilirudia mara tatu, jibu likawa lilelile. Kesho yake nilifundisha mada nyingine, na sikumwambia kitu.

Sasa naelewa kilichotokea. Swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Tuligawe bapa lisilo na mwisho liwe mashamba ya ekari moja moja. Ikiwa kila shamba lina uwezekano sawa wa kupata nukta, hata uwezekano huo uwe mdogo kiasi gani, jumla ya mashamba yasiyo na idadi itapita moja. Ikiwa ni sufuri, jumla itabaki sufuri. Kwa hiyo hakuna namna ya kuchagua nukta kwa usawa mahali kama hapo, na kila njia ya kuanza huleta kanuni yake iliyofichika. Mfaransa Joseph Bertrand alikuwa ameonya mwaka 1889, kwa fumbo la mstari unaokata duara, kwamba bahati nasibu isiyofafanuliwa huzaa majibu mengi. Dodgson, mtu aliyekuwa akiwakosoa wengine kwa kutofafanua istilahi zao, aliuacha mlango huo wazi.

Miaka ya mwisho

Alistaafu uhadhiri mwaka 1881, lakini hakupumzika. Aliandika kuhusu kura na uwakilishi bungeni, mwaka 1891 akabuni kifaa cha kuandikia gizani bila kuwasha taa, na mwaka 1896 akatoa sehemu ya kwanza ya kitabu chake cha mantiki ya alama. Orodha ya barua alizoandika na kupokea kuanzia 1861 ilifikia 98,721. Alifariki kwa nimonia tarehe 14 Januari 1898 mjini Guildford, majuma mawili kabla ya kutimiza miaka 66.

Hitimisho

Nililelewa Meru, kwenye miteremko ya Nyambene, ambako nyanya yangu alitutegea vitendawili jioni. Nyumba isiyo na mlango ilikuwa yai, na hakuna aliyebisha. Sasa naona kwamba jibu hilo lilikuwa moja kwa sababu sote tulishiriki makubaliano yaleyale. Mgeni angeweza kutaja kitu kingine chenye sifa hiyo, naye asiwe mjinga. Fumbo la nukta tatu linatukumbusha jambo hilohilo: kabla ya kuuliza jibu ni lipi, yafaa tuulize tumekubaliana nini. Mwalimu wa fasihi anayeipa methali maana moja tu na kumkalisha mwanafunzi mwenye maana nyingine anafanya kosa nililolifanya Embu.

Niliporudi shuleni hapo miaka miwili baadaye, kidato kile kilikuwa kimekwisha kumaliza masomo. Ikiwa msichana yule anasoma Kiswahili katika chuo chochote na jarida hili litamfikia, basi na ajue kwamba swali lake lilikuwa sahihi, na kwamba mwalimu wake aliligundua hilo usiku uleule.