Sewa Haji, Mfanyabiashara Aliyeuachia Mji Wetu Nyumba



Mwaka huu harambee yetu ni ya majengo ya kale ya mji, na kwa sababu hiyo tumeona vema kumkumbuka marehemu Sewa Haji Paroo. Wengi wetu jina lake tulilisikia kwanza Dar es Salaam, pale Muhimbili, tulipoambiwa mgonjwa wetu amelazwa Sewahaji. Si wengi wanaojua kwamba jina hilo lilipata umaarufu huku kwetu, dukani, kati ya magunia ya shanga na majora ya vitambaa.

Alizaliwa mwaka 1851. Baba yake, Haji Kanji, alikuwa Mwismailia kutoka Kutch, India, aliyevuka bahari kuja kutafuta riziki. Alifungua duka Unguja, na baadaye tawi Bagamoyo. Sewa aliingia katika biashara ya familia mwaka 1869, akiwa na miaka 18.

Bagamoyo ya siku hizo ilikuwa mlango wa bara. Misafara ya Tabora na Ujiji iliishia hapa na kuanzia hapa. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka na pembe za ndovu na kupanda na bidhaa za pwani, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani au kichwani. Msafara haukuweza kuondoka bila mtu wa kuuandaa, na kazi hiyo ndiyo iliyomtajirisha Sewa Haji. Alitafuta wapagazi, akauza merikani, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti, akakopesha fedha na kununua pembe.

Stanley alipofika mwaka 1871 akijiandaa kwenda kumtafuta Livingstone, mtu wa kumpatia wapagazi hapa mjini alikuwa Sewa Haji, kijana wa miaka 20 tu. Katika kitabu chake Stanley alimlalamikia sana, akidai kwamba alimpunja. Sewa Haji hakuandika kitabu cha kujibu, kwa hiyo kesi hiyo tumebaki nayo upande mmoja.

Hata hivyo hatutaki kumpamba marehemu. Utajiri wake ulitoka migongoni mwa wapagazi. Baruti na bunduki alizouza zilikwenda bara wakati watu wa huko walipokuwa wakiwindwa na kuuzwa, na wengine walishushwa hadi ufukwe huu huu wakiwa na minyororo shingoni. Anayemsifu Sewa Haji na ayakumbuke hayo pia.

Mwaka 1888 pwani yetu iliwaka vita dhidi ya Wajerumani. Waliposhinda, waliifanya Bagamoyo makao yao makuu, kisha mwaka 1891 wakahamia Dar es Salaam. Wakubwa wa serikali walikwenda kule na mji wetu ukaanza kupungukiwa. Ni katika miaka hiyo ya 1890 Sewa Haji alipotoa kwa wingi.

Hapa Bagamoyo alitoa jengo la ghorofa liwe shule, akalikabidhi kwa serikali ya Kijerumani kwa sharti moja: wasome humo watoto wa rangi zote. Tulisome sharti hilo kwa macho ya wakati ule. Katika koloni, Mzungu, Mhindi na Mwafrika kila mmoja alikuwa na mahali pake, hospitalini na hata mbele ya sheria. Mfanyabiashara aliyehitaji kupatana na watawala angeweza kutoa jengo, akapokea shukrani na kunyamaza. Yeye aliweka sharti. Watoto bado wanasoma katika jengo hilo, ambalo leo ni sehemu ya Shule ya Msingi Mwambao.

Dar es Salaam alitoa rupia 12,400 ijengwe hospitali kwa ajili ya Waafrika na Wahindi. Hiyo ndiyo Hospitali ya Sewa Haji, na Muhimbili ya leo huhesabu mwanzo wake kutoka hapo. Wagonjwa wa ukoma wa Bagamoyo nao, waliokuwa wakikwepwa na watu, aliwasaidia.

Alifariki Februari 1897, akiwa hajatimiza miaka 50. Katika wosia wake aliiachia serikali viwanja na nyumba zake za Bagamoyo na Dar es Salaam, na akaeleza kodi ya nyumba hizo itumike vipi: iwatunze wakoma na wagonjwa wasiojiweza.

Ndugu zetu, tuutazame wosia huo kwa makini. Sewa Haji alikuwa mtu wa hesabu, na alijua kwamba jengo likishamalizika gharama ndiyo kwanza zinaanza. Mgonjwa atakula kesho na keshokutwa. Kwa hiyo aliacha kitu cha kuingiza fedha mwezi hadi mwezi, hata baada ya yeye kuzikwa.

Nyumba zetu za kale zinadai matunzo ya namna hiyo hiyo. Zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hii hudumu karne na zaidi ukiwa mkavu. Bati likitoboka, maji huingia juu ya ukuta, ncha za boriti huoza ndani ya jiwe, na siku moja dari hushuka. Tena wako wanaokarabati kwa plasta ya saruji wakidhani wanaimarisha. Saruji huzuia unyevu usitoke, na ukuta huoza kwa ndani huku kwa nje unang'aa. Dawa yake ni chokaa, fundi anayeijua kazi, na kukagua paa kila mwaka kabla ya masika.

Ndiyo maana safari hii hatuombi mchango mkubwa wa siku moja wa kupigiwa picha. Tunaomba kila mmoja aahidi kiasi kidogo atakachoweza kukitoa kila mwezi, mwaka mzima: cha chokaa, cha boriti, cha bati na cha ujira wa fundi. Fomu ya ahadi iko mwisho wa kijitabu hiki.

Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Sewa Haji alikuwa na vyote viwili. Sisi tuanze na moyo, tena tuanze kabla ya masika.