Sista Irene Nyaatha: mtawa wa Nyeri aliyebeba amani hadi Voi, Kilwa na Lindi

Disemba ikiingia, Mombasa haina pumzi. Stesheni ya Miritini hujaa, nauli za mabasi hupanda, wageni wa bara hushuka na familia zao, na wenye asili ya bara wanaoishi huku hupigania tiketi za kwenda kwao. Kwa Wakristo wa Pwani, majuma ambayo yangekuwa ya kumngojea Mwokozi yamegeuka kuwa ya madeni, michango, mialiko na simu zisizokatika. Wengi hufika kwenye mkesha wakiwa hoi. Mwili uko kanisani, moyo bado uko sokoni.

Katika msimu kama huu ni vyema tumkumbuke mwanamke ambaye jina lake lenyewe ni amani. Irene ni neno la Kigiriki lenye maana hiyo. Watu wa Nyeri wanamjua zaidi kwa jina walilompa wenyewe, Nyaatha, yaani mama wa huruma. Wengi wetu hapa Pwani hatujui kwamba sehemu nzito ya maisha yake aliipitia kwetu, kuanzia Voi hadi Lindi.

Alizaliwa tarehe 22 Agosti 1891 katika kijiji cha Anfo, kaskazini mwa Italia, akapewa jina Aurelia Mercede Stefani. Alikuwa mtoto wa tano katika familia ya watoto 12. Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana, na malezi ya wadogo zake yakamwangukia. Kwa hivyo, kabla ya kuvaa vazi la utawa, alikwisha kujua nyumba yenye kazi nyingi na mikono michache.

Mwaka 1911 alijiunga na Masista Wamisionari wa Consolata mjini Torino, shirika lililokuwa limeanzishwa mwaka mmoja tu kabla na Padri Giuseppe Allamano, ambaye Kanisa Katoliki lilimtangaza Mtakatifu mwaka 2024. Allamano aliwafundisha watawa wake kwamba jema lifanywe vizuri na bila kelele. Sista Irene aliweka nadhiri zake Januari 1914, na siku chache tu baada ya Krismasi ya mwaka huo akaanza safari ya Afrika. Meli ilimfikisha Mombasa Januari 1915, naye akaendelea hadi Nyeri, ambako Wakonsolata walikuwa wameweka makao chini ya Mlima Kenya.

Hakupewa muda mrefu wa kutulia. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imefika Afrika Mashariki, Waingereza wakipambana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Voi ikawa kambi kubwa, na reli ya kijeshi ikajengwa kutoka hapo kuelekea Taveta. Mizigo ya jeshi ilibebwa kichwani na wapagazi, vijana waliochukuliwa vijijini, wengi wao kwa nguvu. Jina Kariakoo la Dar es Salaam linatokana na kikosi hicho cha wapagazi. Hata kwa hesabu ya serikali ya Uingereza, zaidi ya wapagazi 40,000 walikufa, na wanahistoria wengi wanaamini idadi halisi ni kubwa zaidi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa.

Sista Irene alitumwa kuwauguza hao. Alihudumu Voi, kisha Kilwa Kivinje, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali zilikuwa mabanda yaliyojaa watu wa makabila na dini mbalimbali, waliolala karibu karibu, wakinuka vidonda, na wengi wasioelewa lugha ya jirani yao. Alijifunza Kiswahili humo humo. Aliwaosha, aliwalisha, aliwafunga vidonda, na wale waliokubali aliwafundisha imani na kuwabatiza. Kuna kisa ambacho Wakonsolata wamekihifadhi kutoka Kilwa: mgonjwa mmoja alidhaniwa amekufa, akatupwa ufuoni pamoja na maiti zilizongoja kuchukuliwa na maji. Sista alipokikuta kitanda kitupu alitoka kwenda kumtafuta, akamkuta katikati ya maiti, bado anapumua.

Haifai tuisimulie habari hii kana kwamba ukoloni haukuwepo. Waliowachukua wapagazi makwao na waliomleta mtawa kuwauguza wote walitoka upande mmoja wa bahari, na bendera iliyopepea juu ya hospitali ndiyo iliyowajaza watu ndani yake. Sista Irene hakuwa na uwezo wa kusimamisha vita. Alichoweza ni kukataa kumwona mpagazi kama mzigo uliochakaa, mahali ambapo jeshi lilimhesabu hivyo. Kwa mtu anayekufa mbali na kwao, hilo halikuwa dogo.

Vita vilipokwisha alirudi Nyeri, na mwaka 1920 akapelekwa Gikondi, katika Mukurweini ya leo. Huko alikaa miaka 10. Alifundisha shuleni, akauguza, akasaidia akina mama waliojifungua. Nchi ile ni ya mabonde na miinuko, na yeye alizunguka kwa miguu, amevaa mabuti makubwa, rozari mkononi. Wazazi ambao watoto wao walikwenda kutafuta kazi mijini walimwendea awaandikie barua, na jibu likija aliwasomea. Kwa wasiojua kusoma, yeye alikuwa posta na simu.

Swali ni hili: mtu aliyekimbizwa na kazi namna hiyo alipata wapi utulivu? Hakuupata kwa kupunguziwa kazi, maana haikupungua. Waliomjua walisimulia kwamba kutembea kwake kulikuwa sala, na kwamba kila aliyemkuta njiani alisimamishiwa safari na kusikilizwa kana kwamba hakuna mwingine anayengoja. Siku yake haikuwa na sehemu ya Mungu na sehemu ya watu. Aliamini kwamba anayemhudumia mgonjwa anamhudumia Kristo, na kwa hivyo hakuna mgonjwa aliyekuwa usumbufu uliomtoa kwenye sala.

Amani hiyo ilipimwa mwishoni. Septemba 1930 alikwenda Nyeri kwa mafungo ya kiroho, na huko akatamani kuyatoa maisha yake kwa ajili ya utume. Aliporudi Gikondi, tauni ilikuwa imezuka. Mwalimu mmoja aliugua, naye akaenda kumuuguza akijua ugonjwa ule unavyoambukiza. Mwalimu alifariki, na baada ya siku chache Sista mwenyewe akaanguka. Alifariki tarehe 31 Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 39.

Watu wa Gikondi hawakumsahau. Tarehe 23 Mei 2015 umati mkubwa ulikusanyika Nyeri alipotangazwa Mwenyeheri, na aliyeongoza ibada hiyo kwa niaba ya Papa Francis alikuwa Kardinali Polycarp Pengo wa Dar es Salaam, mji ambao Irene aliwauguza wapagazi wake. Muujiza uliokubaliwa na Kanisa ulitoka Nipepe, Msumbiji. Mwaka 1989, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, watu wapatao 270 walizingirwa kanisani kwa siku kadhaa. Walimwomba Nyaatha, na maji machache ya chombo cha ubatizo yakawatosha.

Mwenye imani atalipokea hilo kwa imani yake. Lakini hata asiyekuwa Mkristo anaweza kuchukua funzo la mabuti yale. Sisi hudhani amani itakuja shughuli zikiisha, na shughuli haziishi. Krismasi hii, kabla ya kuhesabu wageni na vitambaa, Mkristo wa Pwani ajiulize ni nani amelazwa Makadara asiye na wa kumtembelea, na ni mzazi gani mtaani anayengoja simu ya mtoto aliye mbali. Aende, akae naye, asitazame saa. Nyaatha aliishi hivyo kila siku kwa miaka 15, na hiyo ndiyo amani aliyokuwa nayo.