Padre Gregor Mendel, Mtawa Aliyehesabu Njegere

Siku ya Epifania, tarehe 6 Januari 1884, alifariki mjini Brno abate mmoja wa shirika la Mtakatifu Augustino. Watu wa mji walimzika kwa heshima kwa sababu ya wema wake kwa maskini. Kazi yake kubwa hawakuijua.

Alizaliwa mwaka 1822, mtoto wa mkulima, katika nchi iitwayo leo Cheki. Jina lake la ubatizo ni Johann. Fedha za shule zilikuwa shida, hata dada yake mdogo akatoa sehemu ya mahari yake ili kaka asome. Mwaka 1843 aliingia utawani, akaitwa Gregor, na mwaka 1847 akapewa upadre. Lakini kuwazuru wagonjwa kulimlemea mno hata yeye mwenyewe akaugua. Basi mkuu wake akamtuma kufundisha shule. Mwaka 1850 alishindwa mtihani wa ualimu. Akapelekwa Chuo Kikuu cha Vienna, akajaribu tena mwaka 1856, asifaulu. Hata hivyo aliendelea kufundisha kama mwalimu wa muda.

Mwaka huo huo wa 1856 alianza kupanda njegere katika bustani ya watawa. Alifungua ua changa, akaondoa chavua yake, akapaka chavua ya mmea mwingine, kisha akalifunika. Alipochanganya njegere za mviringo na zilizokunjamana, uzao wa kwanza wote ulikuwa mviringo. Katika uzao wa pili zile zilizokunjamana zilirudi. Akazihesabu: mviringo 5,474, zilizokunjamana 1,850, yaani karibu tatu kwa moja.

Akafahamu sababu yake. Kila mmea hupokea mafungu mawili, moja la baba na moja la mama, na fungu la mviringo hulifunika lile jingine. Mafungu yakikutana kwa njia zote nne, tatu huwa na mviringo ndani yake. Moja tu hukosa. Kwa hiyo mpandaji aweza kutabiri mavuno kabla mbegu haijaota. Tena, sifa isiyoonekana haikupotea. Imefichika tu, itatokea kwa wajukuu.

Alisoma habari hizi mbele ya wataalamu wa Brno mwaka 1865, zikachapwa mwaka 1866. Wachache sana walizijali. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abate, na siku zake zikaliwa na ugomvi wa kodi kati ya utawa na serikali. Mwaka 1900, yeye akiwa kaburini miaka 16, wataalamu wa nchi mbalimbali walifikia matokeo yale yale, wakakuta padre amekwisha kuyaandika.

Wapendwa, jambo hili limefika hata shambani kwetu. Tangu miaka ya 1930, wataalamu wa Amani, katika milima ya Usambara, walichanganya muhogo na mti wa mpira ulio jamaa yake, wakitafuta kinga ya batobato na ya ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ule unaoweza kuozesha mihogo ardhini hata pale majani yanapoonekana mazima. Watoto wa kwanza hawakuwa na mihogo mizuri. Wakarudishwa kwa muhogo tena na tena, na kila mara wakachaguliwa wale waliobaki na kinga. Namikonga, muhogo unaojulikana huku kusini, umepimwa ukaonekana ni uzao wa kazi ile ya Amani. Huko Naliendele, hapa Mtwara, umepandwa katika majaribio pamoja na watoto wake, ili ijulikane kinga hurithiwaje.

Mbegu ya ua la muhogo huleta watoto wa namna nyingi, kwani ina baba na mama. Pingili haina baba. Humrudia mama yule yule, kwa wema wake na kwa ugonjwa wake pia. Ndiyo maana anayeomba pingili kwa jirani, toka Mikindani hata Msimbati, yafaa aende wakati wa kuvuna, aione mihogo yenyewe ikikatwa, ndipo achukue.