Edward Steere na swali la kielezi

Wasikilizaji wetu wa Pemba, wanafunzi wa Wete, Chake Chake na Mkoani hutuuliza sana swali hili: nitajuaje kwamba neno la Kiingereza ni kielezi na si kivumishi? Leo tunalijibu kwa kusimulia maisha ya mtu aliyepita njia hiyo akitokea upande wa pili, Mwingereza aliyekuja Zanzibar kujifunza Kiswahili.

Edward Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisomea sheria, kisha akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1864 alifika Unguja pamoja na Askofu Tozer, wakati wa Seyyid Majid. Soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Misheni yao iliwalea watoto waliookolewa utumwani, na Steere aliwafundisha baadhi yao kazi ya kupiga chapa.

Kila siku alikaa na wenyeji, akiwauliza maneno na kuandika ngano walizomsimulia. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha ngano hizo, na kingine cha sarufi ya Kiswahili cha Zanzibar.

Alipofika kwenye vielezi alikuwa na kazi. Vielezi vingi vya Kiingereza huishia na -ly, lakini Kiswahili hakina mkia huo. Ikabidi aangalie neno linafanya kazi gani. Akaonyesha kwamba kivumishi kikitiwa vi- huweza kuwa kielezi, kama vizuri na vibaya, na kwamba mara nyingine tunatumia kwa, kama kwa haraka.

Na sisi tufanye kama yeye. Tukisema vitabu vizuri, neno vizuri linaeleza vitabu, yaani nomino, basi ni kivumishi. Tukisema anaimba vizuri, linaeleza kuimba, yaani kitenzi, basi ni kielezi. Neno ni lilelile, kazi ni mbili. Kielezi hujibu vipi, wapi, lini au kwa kiasi gani. Huweza pia kueleza kivumishi, kama sana katika mzuri sana.

Kiingereza nacho kina maneno ya namna hiyo. Katika a fast boat, fast inaeleza boti, ni kivumishi. Katika the boat goes fast, inaeleza mwendo, ni kielezi. Na ule mkia wa -ly usikudanganyeni: slowly ni kielezi, lakini friendly ni kivumishi, maana humweleza mtu mwenye ucheshi.

Kosa hapa si la mtihani tu. Kijana anayeomba kazi ya hoteli anataka kusema anafanya kazi kwa bidii. Akiandika I work hard, amesema sawa. Akidhani kila kielezi lazima kiwe na -ly, akaandika I hardly work, amemwambia mwajiri kwamba kazi ni kama hafanyi kabisa. Barua inawekwa kando, na mwenyewe hajui kwa nini.

Turudi kwa Steere. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Hapohapo Mkunazini Steere alisimamia ujenzi wa kanisa kuu, ambalo mpaka leo mtu akivuka kwenda Unguja atalikuta. Mwaka 1874 akawa askofu. Alifariki Zanzibar Agosti 1882, akazikwa ndani ya kanisa hilo.

Mwingereza yule alipotaka kukijua kielezi cha Kiswahili alikaa chini akawauliza wazee wetu. Nyinyi wanafunzi tayari mnacho mdomoni, mnakitumia nyumbani na shambani kwenye karafuu. Mkikutana na neno la Kiingereza, msianze na mkia wake. Ulizeni kwanza linaeleza nini. Likieleza nomino, ni kivumishi. Likieleza kitenzi, kivumishi au kielezi kingine, ni kielezi.