Sophie Kanza, waziri mwanamuke wa kwanza: cheo alipewa, kura haikuulizwa

Kila wakati wa kampanye, hapa Kalemie mazungumzo inarudi palepale. Pembeni ya ziwa, kwenye wamama wanauzisha ndagala, kwenye vijana wa moto wanangojea klienti, mutu anatupa ulizo: mwanamuke anaweza kuongoza Kongo? Mumoja anasema ndiyo, mwingine anacheka. Leo tunarudia maisha ya mama mumoja mwenye alijibu ulizo hilo kwa kazi yake, inapita sasa miaka 50. Lakini kuko ulizo la pili, lenye bado liko mikononi mwetu.

Sophie Kanza alizaliwa tarehe 8 Februari 1940 kule Léopoldville, muji wenye leo tunaita Kinshasa. Baba yake, Daniel Kanza, alikuwa kati ya wakubwa wa chama cha Abako, kisha akakuwa meya wa Léopoldville. Kaka yake Thomas Kanza alikuwa kati ya Wakongomani wa kwanza kumaliza iniversite, na mwaka 1960 Patrice Lumumba alimutia katika serikali yake kwa kushugulikia mambo ya Umoja wa Mataifa. Ni kusema, katika nyumba ile politike ilikuwa jambo la kila siku.

Wakati ule binti Mukongomani hakukuwa na njia ndefu ya masomo. Wabeleji walitafuta makarani, wauguzi na mapadri, na wale wote walitoka kwa wavulana. Wabinti wengi wenye walifika ku masomo walifundishwa kushona, kupika na kulea watoto. Katika miji, wamama walifundishwa vilevile kwenye foyer social. Sophie yeye aliendelea mbele. Alisoma kwa masista ku Lycée du Sacré-Cœur, akamaliza sekondari mwaka 1961, binti Mukongomani wa kwanza kufika pale. Mwaka 1964 alitoka ku iniversite ya Lovanium na diplome ya sosiolojia. Ilikuwa mara ya kwanza mwanamuke wa inchi yetu kupata diplome ya iniversite.

Hapa tusimame kidogo. Mwezi wa Mei 1960, wakati Kongo ilichagua bunge lake la kwanza, wanaume peke yao njo walitia kura. Wabunge 137 walichaguliwa, hakukuwa mwanamuke hata mumoja. Sheria haikumupa mwanamuke karatasi ya kura, hata awe na masomo gani.

Desemba 1964 Sophie aliolewa na Marcel Lihau, mwanasheria wa Équateur, mumoja kati ya wale walitunga Katiba ya Luluabourg mwaka uleule. Mungu akawapa wabinti 6.

Oktoba 1966, Mobutu alikuwa hajamaliza mwaka mumoja ku mamlaka. Akamuita Sophie Kanza kuwa waziri wa mambo ya jamii. Alikuwa na miaka 26. Mwanamuke wa kwanza katika serikali ya Kongo. Na sasa musikie jambo la kushangaza: ni katiba ya Juni 1967, miezi 8 nyuma yake, njo iliandika wazi kwamba Wakongomani wa jinsia zote mbili, wenye miaka 18 na zaidi, wanaweza kutia kura. Waziri alitangulia, kura ya wamama ikafuata nyuma.

Alishika kazi mpaka mwaka 1970. Miaka 4 chini ya Mobutu haikuwa kitu kidogo, kwa sababu yule alikuwa anabadilisha mawaziri kila mara. Wengine watasema alipewa wizara ya wamama tu, mambo ya jamaa na wagonjwa. Ni kweli, na hata leo wamama wengi wanapewa wizara za namna ile. Lakini shida kubwa iko fasi ingine. Mutu mwenye kuwekwa na sinyatire ya mukubwa, sinyatire ileile inaweza kumutosha. Hana watu nyuma yake wenye kusema: huyu ni wetu, sisi njo tulimuchagua.

Novemba 1970 wamama walitia kura kwa kuchagua raisi. Kandida alikuwa mumoja tu, Mobutu. Karatasi ya kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Wamama walipata haki ya kuchagua wakati hakukuwa mutu wa kuchagua.

Nyuma ya serikali, mama Sophie alirudi ku masomo. Alienda Marekani, akapata dokta ya sosiolojia ku Harvard. Wakati wa authenticité alichukua jina la Zala Lusibu N'Kanza, na kwa jina lile alitosha kitabu mwaka 1985, juu ya mizizi ya matatizo ya politike yenye tuliachiwa na Kongo ya Wabeleji. Bwana yake, mwenye alikuwa mukubwa wa Korti Kuu, alifukuzwa na Mobutu mwaka 1975. Mwaka 1982 alikuwa kati ya waanzishi wa UDPS, kisha akaenda kuishi uhamishoni.

Mwaka 1987 inchi ilipata sheria mupya ya jamaa. Sheria ile ilisema mwanamuke mwenye kuolewa anahitaji ruhusa ya bwana yake mbele ya kufanya mambo mingi ya kisheria. Hata mama mwenye alikuwa waziri, hata mama mwenye ni dokta. Ilirekebishwa mwaka 2016 tu. Sophie Kanza hakuona siku ile. Alifariki tarehe 2 Aprili 1999, na miaka 59. Bwana yake alimufuata wiki moja nyuma, kule Marekani.

Sasa turudie ulizo letu. Mwaka 2006, kwa kura ya kwanza ya kweli ya kuchagua raisi, makandida walikuwa 33, kati yao wamama 4. Hakuna mumoja wao alifika asilimia 1. Mwaka 2011, kati ya makandida 11, hakukuwa mama. Mwaka 2018 alikuwa mumoja, Marie-Josée Ifoku. Mwaka 2023 walikuwa 2 kati ya 26. Na katiba yetu, katika kifungu cha 14, inaomba usawa wa wanaume na wanamuke.

Hapa mashariki tuko tunachagua sana mutoto wa kwetu. Hapo mwanamuke anapotea mara mbili. Kwao wanasema: huyu ameolewa, ni wa kwa bwana. Kwa bwana wanasema: huyu ni mugeni. Sophie Kanza alikuwa binti wa Bakongo, muke wa mutu wa Équateur. Kama angeomba kura ya uraisi, fasi gani ingesema ni mutoto wetu? Hata mutu wa kabila kidogo anajua uchungu ule: anahesabiwa mbele ya kusikilizwa.

Tuangalie karibu na sisi. Mama Julie Ngungwa alichaguliwa gavana wa Tanganyika mwaka 2022, lakini kwa kura ya wabunge wa jimbo. Mama Judith Suminwa alikuwa waziri mukuu mwaka 2024 kwa kutajwa. Kule Burundi, mwaka 1993, Sylvie Kinigi alishika inchi nyuma ya kifo cha Ndadaye. Ng'ambo ya ziwa, mwaka 2021, Samia Suluhu aliingia ku uraisi nyuma ya kifo cha Magufuli. Wote walifika juu bila wananchi kuulizwa kwanza. Lakini Liberia, mwaka 2005, watu wenyewe walimuchagua Ellen Johnson Sirleaf, inchi yenye ilikuwa inatoka ku vita sawa sisi.

Basi tusiulize tena kama mwanamuke anaweza. Sophie Kanza alishamaliza ulizo lile mwaka 1966. Lenye linabakia ni letu, siku ya kura, wakati kila mutu anaingia peke yake na karatasi yake na hakuna mwenye anamuona.